Papai Lenye Kifua Kikuu

Mume wangu alikuwa mpiga picha, lakini picha zake hakuna aliyezipenda. Ukienda studio ya Mhindi pale mjini ulitoka na uso wako, na hereni zako, na tabasamu la kuazima. Ukienda kwa mume wangu, hospitali, ulitoka na mbavu. Alikuwa msaidizi wa chumba cha eksirei, miaka ile ya hamsini, wakati Tanga nzima inakula na kuvaa kwa mkonge, na kwa kazi hiyo alijiona nusu daktari. Nusu iliyobaki alikuwa akiisubiri serikali imletee.

Mimi nilikuwa na kikohozi. Kilinianza wakati namnyonyesha binti yangu, nikadhani ni mafua, kumbe kimekuja kukaa. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, nikaandikiwa kombe, aya kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, nikalinywa lote mpaka tone la mwisho. Kikohozi kikanenepa, mimi nikakonda. Mtoto alipoanza kutambaa nilikuwa nakohoa, alipoanza kutembea nilikuwa bado nakohoa.

Mavyaa wangu, yaani mama aliyemzaa mume wangu, alikaa nyumba ya pili. Kati ya uani kwake na uani kwetu palikuwa na ukuta wa makuti tu, tena makuti yenyewe yamezeeka. Alikuja alasiri moja, akakaa kwenye kibao chake, akanisikiliza nikikohoa kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Kisha akainuka, akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa kanga.

"Huyu nakaa naye mimi," akasema, "mpaka upigwe picha ya kifua. Ikitoka safi, mtoto wako huyu hapa. Isipotoka safi, basi atakuwa wangu, na wewe utakwenda ukatibiwe."

Siku zile mtu wa kumbishia mavyaa hakuwa amezaliwa. Mume wangu alitazama chini akakuta miguu yake ina jambo la maana sana la kutazamwa. Nami, wallahi, asubuhi yake nilimwamkia shikamoo yule aliyeondoka na mwanangu, naye akaniitikia marahaba vizuri kabisa, kwa upole, kutoka ng'ambo ya makuti.

Hapo ndipo yalipoanza mateso yangu. Mtoto nilikuwa namwona. Nikichungulia kwenye makuti naona mguu, naona kanga, naona kichwa kimesukwa mafundo nisiyoyasuka mimi. Namsikia akijifunza maneno mapya, na kila neno anafundishwa na mwingine. Nikisogea karibu, kikohozi kinanisaliti, na mara sauti ya mavyaa inapaa: "Sogea huko na upepo wako!" Nasogea. Niseme kweli, nilimchukia. Nilimchukia asubuhi, mchana na jioni, na shikamoo yangu sikuikosesha hata siku moja.

Sasa utaniuliza: mume si ndiye mpiga picha za vifua? Akupige basi, yaishe! Ehe, ngoja nikueleze. Ile miali ya mashine, alinieleza mume wangu mara nyingi kuliko nilivyomwuliza, haiigusi filamu sawasawa, inaipita tu. Kwa hiyo filamu huwekwa ndani ya kasha bapa, imebanwa na ubao mwembamba uliopakwa unga mweupe. Miali ikiupiga unga ule, unang'aa, na mng'ao wake ndio unaochora picha. Bila unga unaweza kumsimamisha mgonjwa mbele ya mashine mpaka akaiva, na picha isitoke ya maana.

Unga wa Tanga ulikuwa umeota ukungu. Unyevu wetu huu wa pwani, unaootesha ukungu kwenye viatu na mikoba na maharage, haukuona sababu ya kuuheshimu unga wa Ulaya. Ukachanika, ukabanduka vipande vipande. Bwana mganga mkuu, Mzungu mmoja mrefu mwenye masihara, alikwisha agiza mwingine, na ukawa unakuja kwa meli. Meli zilikuwa zinakuja kweli. Zinapakia mkonge, zinapiga honi, zinaondoka. Unga hamna.

Nikamwomba mume wangu anipeleke Mombasa. Basi la kupita Horohoro lilikuwepo, na Mombasa nina shangazi. Alinitazama kana kwamba nimemtukania ukoo.

"Mimi, mtu wa eksirei, nimpeleke mke wangu akapigwe picha na watu wengine? Watasemaje?"

Nilikuwa sijajua bado kama nina kifua kikuu. Lakini kwamba mume wangu ana kiburi nilijua, na hicho hakikuhitaji mashine.

Hata hivyo alikuwa ananipenda, na alikuwa anamwonea mwanawe huruma. Akawa hali chakula vizuri. Siku moja akarudi kazini anatabasamu peke yake. Hospitali palikuwa na kitabu kikuukuu cha Kizungu, kazi yake kuegemeza dirisha lisijifunge, naye alikisoma wakati wa kungoja wagonjwa. Kitabu kilisema kwamba watu wa zamani walichoma makombe ya chaza pamoja na kibiriti upele, wakapata unga unaong'aa gizani.

"Chaza si hawa hapa?" akasema, anazunguka chumbani. "Kibiriti upele si anauza Mhindi wa kona, kwa watu wenye upele? Na moto, je, moto Tanga umekwisha? Ulaya, Ulaya, Ulaya ya nini! Unga nautengeneza mwenyewe."

Alimweleza bwana mganga. Bwana mganga akacheka sana, na kwa kuwa hakusema hapana, mume wangu akahesabu kwamba amesema ndiyo.

Aliyenishangaza ni mavyaa. Nilidhani atalikataa jambo lile, kumbe alilivamia kwa mikono miwili. Mavyaa alikuwa mtafunaji wa tambuu, na chokaa ya tambuu yake hakununua kwa mtu. Aliokota makombe mwenyewe, akayachoma, akayasaga, akayachekecha kwa kitambaa, na mtaa wetu wote ulijua kwamba hakuna chokaa nyeupe kama ile. Akaja na kopo zima. "Haya, chukueni. Unga ni unga." Nadhani naye alichoka kungoja. Mtoto wa mtu mwingine, hata akiwa mjukuu wako, anakojoa.

Pamoja na kopo alileta chungu. Hapo nataka unisikilize vizuri. Kilikuwa chungu cha chuma, kizito, cha marehemu baba mkwe wangu, mvuvi, mzaliwa wa Moa. Katika chungu hicho marehemu alikuwa akiyeyusha risasi, ile metali laini, akamimina chubwi za kuzamishia nyavu zake. Tangu azikwe chungu kilikaa chini ya kitanda cha mjane wake, na hapakuwa na mkono uliokigusa.

"Pikia humu," akamwambia mwanawe, "upate baraka za babako."

Nani angekataa? Kukataa chungu cha marehemu ni kumkataa marehemu mwenyewe, tena mbele ya mjane wake. Mavyaa akakipangusa kwa ncha ya kanga, taratibu, kwa adabu, bila kukisugua. Kusugua ilikuwa kumfuta mtu. Akaniangalia kwa mbali, kama kuniuliza kama nina la kusema.

Tukapika. Yaani walipika wao, mtu na mamake, mimi nikakaa upande wa upepo mwingine kama nilivyozoea. Mkaa, vifuu, kipepeo cha kupepea moto, na kibiriti upele ndani ya chokaa. Lo! Hiyo harufu sijapata kuinusa tena. Mtaa mzima ulinuka yai viza. Watu walitoka msikitini wakapita mbio. Jirani mmoja akasimama barazani, pua ameishika: "Jamani, huko kwenu mnapika nini?" Nikamjibu, "Tunapika picha." Akaenda zake, na nafikiri habari alizozifikisha mbele zilikuwa tamu kuliko jibu langu.

Unga ulipopoa, mume wangu akautandaza kwenye sinia, akauanika juani mpaka adhuhuri. Kisha akatuita chumbani, akafunga madirisha, akaziba nyufa kwa mablanketi. Mavyaa alisimama huku na mtoto, mimi kule mlangoni na kanga mdomoni. Sinia likaingizwa. Mwanzo hatukuona kitu. Halafu unga ukaanza kuonekana wenyewe, bila taa, mwanga hafifu wa rangi ya maji ya kufulia yaliyotiwa buluu. Mtoto wangu ndiye aliyetangulia kusema. Alisema, "Mwezi!"

Nilikuwa sijui kwamba analijua neno hilo. Nililia pale pale mlangoni, na sioni haya kulisema. Ulikuwa mwanga wa kibiriti upele na chokaa ya tambuu, unanuka vibaya, na ndio ungenirudishia mwanangu.

Unga ukachanganywa na vanishi ya seremala, ukapakwa ubaoni, ukakauka. Palikuwa na punje nyeusinyeusi hapa na pale. Mume wangu akasema kazi ya mkono ndivyo ilivyo.

Siku ya picha mavyaa alikuja kama shahidi. Alivaa buibui lake la harusini. Mtoto tulimwacha kwa jirani. Nikasimama mbele ya mashine, kidevu juu, mabega mbele, kasha la filamu baridi kifuani, na mume wangu nyuma ya pazia akiniamrisha kwa sauti ambayo nyumbani hakuthubutu kuitumia: "Vuta pumzi! Zuia! Usikohoe!" Nikazuia. Machozi yalinitoka kwa kuzuia kikohozi, lakini nikazuia.

Filamu ikatoka majini inachuruzika, ikatundikwa mbele ya taa. Mbavu zangu hizo. Na juu, upande wa kulia, madoa meupe, yametapakaa kama punje za mchele.

Mume wangu akatoka mbio kumwita mkubwa wake. Bwana mganga akaja, akainama, akatazama, akavua miwani. "Pole sana, mama," akaniambia. Akasema nitapelekwa bara, kwenye hospitali ya vifua kule karibu na mlima. Muda gani, hakujua. Na mtoto asiwe karibu nami kabisa. Mavyaa akasema, wala si kwa ubaya, "Mtoto ana mahali." Hapo kitu kikanikatika. Ile adabu yote niliyofundwa, shikamoo zangu zote za ng'ambo ya makuti, zikaniponyoka kwa mkupuo mmoja.

"Basi mpigeni na yeye!" nikapiga kelele. "Mwanangu analala kifuani kwake! Anatolewa kwenye kifua hiki anapelekwa kwenye kifua gani? Hebu na tukione!"

Mume wangu alitamani ardhi impe nafasi. Bwana mganga, aliyekuwa hajui kwamba amesikia jambo ambalo halijapata kusikika katika ukoo ule, akasema kwa nini isiwe. Mavyaa akanigeukia. Kisha akafungua buibui.

"Nipigeni," akasema. "Mimi sina cha kuficha."

Wakampiga. Filamu ikatundikwa kando ya yangu. Mbavu zake zilikuwa nyembamba kuliko zangu. Na juu, upande wa kulia, madoa meupe, yametapakaa kama punje za mchele.

Ningefurahi. Nilikuwa nimeyaomba hayo kwa mdomo wangu. Lakini uso wa yule mwanamke ulishuka mara moja, ukawa uso wa mzee, na furaha sikuipata nilipoitafuta. Tulirudi nyumbani tukitembea kila mtu upande wake wa barabara, kwa kuogopana upepo.

Alasiri ile akaja uani kwetu na mtoto. Alimshika kwa mikono iliyonyooka, mbali na mwili wake, mtoto anaogelea hewani. Akamweka katikati ya mkeka, akarudi nyuma.

"Nimemleta," akasema. "Sasa nimpe nani?"

Nikakaa huku, naye akakaa kule, na mtoto katikati. Akanijia mimi, nikamwambia, "Hapana mama, nenda kule." Akaenda kule, bibi yake akarudi nyuma na kibao chake, "Hapana, nenda kwa mama." Akaenda, akarudi, akaenda, akadhani ni mchezo, akacheka. Halafu akajua si mchezo. Akajibwaga chini akaanza kulia kilio kile cha mtoto aliyeonewa, na sisi wawili tunamtazama tu. Nilimwangalia mavyaa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na tambuu bado imo shavuni, hata kuitema amesahau. Nikajua kwa mara ya kwanza kwamba hakumchukua mwanangu kwa kunikomoa. Alikuwa na hofu, basi. Hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi.

Mume wangu alirudi kazini akatukuta hivyo hivyo. Akamwokota mwanawe, akambeba vibaya, kama gunia, na mtoto akanyamaza kwa mshangao.

Na pale, anamtikisatikisa, ndipo akili ikamjia. "Madoa yenu yanafanana," akasema. "Yanafanana mno. Doa kwa doa."

Asubuhi alikwenda kumwambia bwana mganga, akamkuta ana papai mezani, la kifungua kinywa. Bwana mganga akalitazama papai, akamtazama mume wangu, na masihara yake yakampanda. Wakalibeba wote wawili mpaka chumba cha eksirei, wakalisimamisha mbele ya mashine. Papai halikuamriwa kuvuta pumzi. Filamu ikatoka: papai, mbegu zake, na juu, upande wa kulia, madoa yale yale. Bwana mganga akatoa amri kwamba papai lipelekwe bara kwa basi la kwanza.

Mume wangu aliukwangua ubao, akatuletea nyumbani punje nyeusi ndani ya karatasi. Mavyaa alizichukua punje, akazisugua kwa vidole, akazikandamiza kwa ukucha, akazipima kiganjani.

"Hizi ni risasi za babako," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Chungu kilikuwa na mabaki ya risasi kwenye kuta zake. Kibiriti upele kikaishika risasi ile, ikawa nyeusi, na kila penye punje nyeusi unga haukung'aa, na kila pasipong'aa palitoka doa. Mavyaa aliposikia maelezo hayo alicheka mpaka akashika mbavu, zile zile alizopigwa picha.

"Kumbe marehemu ndiye aliyetutia kifua kikuu! Hata akiwa kaburini hataki tupumzike."

Nami nikacheka. Tulicheka pamoja, mimi na mavyaa wangu, na mtoto akatucheka sisi.

Unga wa pili ulipikwa katika chungu kipya cha udongo, kilichonunuliwa kwa mama mmoja wa Kidigo, kisichojua risasi wala wali. Ulitoka mweupe, ukang'aa kuliko wa kwanza, na mume wangu akatamba nao mji mzima: "Unga usio na risasi! Hata punje moja!" Watu waliokuwa hawajui risasi inaingiaje katika unga walimpongeza kwa tahadhari.

Wakaanza na papai, si lile, jingine. Safi. Nikafuata mimi, nikazuia pumzi, nikazuia kikohozi. Safi. Mbavu tupu, nyeusi kati yake, hakuna doa hata moja. Bwana mganga akasema kikohozi changu labda ni cha vumbi na moshi wa jikoni. Kikaja kupona chenyewe, pengine kwa aibu. Siku ile nilitamani kumbusu mume wangu pale pale mbele ya Mzungu, na kiburi chake chote nikamsamehe.

Mavyaa akafungua buibui bila kuambiwa. "Papai limesafishwa," akasema. "Na mimi nisafishwe."

Filamu yake ikatundikwa. Madoa yote yalikuwa yameondoka, lakini palikuwa na doa jipya moja. Lilikuwa upande wa kushoto, ambako unga hafifu wa kwanza haukuonyesha kitu, tena kubwa, na kingo zake hazikuwa kali kama za yale mengine. Mume wangu akasema ni unga. Akaupangusa ubao, akampiga tena. Likawepo. Akasema ni ubao, akaligeuza kasha juu chini, akampiga tena. Kama doa ni la ubao, lingegeuka na ubao. Halikugeuka. Lilibaki pale pale, kifuani kwa mama yake. Akawa anasimama mbele ya filamu zile na unga wake usio na risasi, unga mzuri, unaoonyesha kila kitu.

Hakuna aliyemwambia mavyaa asimguse mtoto. Sheria ilikuwa yake, aliitunga mwenyewe, na akaishika kuliko nilivyoishika mimi. Kabla ya kusafirishwa bara alikaa siku zake uani kwake, na kwetu hakukanyaga tena. Asubuhi nilimwamkia shikamoo kupitia kwenye makuti, na safari hii ilinitoka moyoni.

Mwanangu alikuwa wangu sasa, usiku na mchana, kama nilivyolilia. Na kila alasiri aliniburuta kanga mpaka kwenye makuti, akaingiza vidole katika nyufa, akaita, "Bibi! Bibi!" Siku moja nikambeba ili aone vizuri. Tukasikia kikohozi kutoka ng'ambo, kikavu, kifupi, kinazuiwa. Kisha sauti yake:

"Sogeeni huko, mbali na upepo wangu."

Hatukusogea. Nilisimama pale na mtoto mikononi, mpaka nikasikia kibao kinaburutwa mchangani, kinakwenda mbali na sisi, kikafika kwenye ukuta wa nyumba, kule mwisho kabisa.